Bega Lililoishusha Nyumba

Kitu cha kwanza kushushwa katika nyumba ya seremala kilikuwa kioo cha chumbani. Kioo hicho kilikuwa kimetundikwa kando ya dirisha tangu yeye na mkewe walipooana, na mkewe alizoea kusimama mbele yake kila asubuhi akijichana. Asubuhi moja seremala alimkuta akijichana kwa mkono wa kushoto, chanuo likienda mrama kama mtu aliyetoka kilabuni.

"Na huo wa kulia umeuweka akiba?" alimtania.

"Unauma kidogo. Utapoa."

Haukupoa. Bega la kulia lilikuwa limeanza kuuma bila kuanguka, bila kugongwa, bila sababu ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole. Baadaye maumivu yalipungua, lakini mkono ukakataa kupanda. Ulifika usawa wa kifua, kisha ukasimama kama mlango uliokomewa kwa ndani.

Seremala hakuwa mtu wa kuona kitu kimekwama akakaa kimya. Alikishusha kioo hadi chini, ili mkewe aketi kitandani, aegemeze kiwiko juu ya mto na kujichana bila tabu. Baada ya kioo ikashuka rafu ya jikoni. Baada ya rafu ikashuka kamba ya nguo uani, hata mashuka yakawa yanafagia majani. Ikafuata misumari ya kutundikia chujio, mwavuli na mikoba, mmoja baada ya mwingine, na ukutani yakabaki matundu ya ile ya zamani. Kila alipomaliza kupigilia, alirudi nyuma kidogo, akapangusa vumbi la mbao mikononi na kusema:

"Haya, mke wangu. Kama mkono hautaki kupanda, dunia nitaishusha mimi."

Mkewe alicheka, na moyoni alimshukuru Mungu kwa kumpa mume wa namna hiyo.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mama mkwe, mama mzazi wa seremala, aliyekuwa akiishi nao. Alikuwa mwanamke mfupi ajabu, na maisha yake yote alikuwa ameomba watu wamshushie kopo la sukari. Sasa alilifikia mwenyewe, tena bila kuulizwa anakoroga kikombe cha ngapi.

"Mkwe wangu," alisema, "hilo bega lako lina baraka. Ningejua, ningeliombea liugue mapema."

"Mama, nawe!"

"Nakwambia ukweli. Kwa mara ya kwanza ninaishi katika nyumba iliyojengwa kwa kimo changu."

Mke huyo wa seremala alikuwa msusi. Mtaani walimwita Mistari, kwa sababu mistari aliyoisuka kichwani mwa mtu ilinyooka kana kwamba imepigwa rula. Alianza kusuka akiwa msichana, na kazi nyingine hakuijua wala hakuitamani. Katika saluni aliyofanyia kazi, wasusi waliketi kwenye benchi na wateja wakaketi mbele yao juu ya vigoda. Bega lilipoanza kugoma, Mistari alifanya kazini kama mumewe alivyofanya nyumbani. Alijiwekea mto juu ya benchi ili apande zaidi. Kigoda cha mteja akakibadilisha kwa kifupi zaidi, kisha akakiondoa kabisa na kutandika mkeka. Mteja alipokaa mkekani, Mistari alimwambia kwa sauti ya upole, "Inamisha kichwa, mpenzi. Zaidi kidogo. Hapo hapo." Wateja walitoka wamependeza, huku wakijikanda shingo.

"Mistari," msusi mwenzake alimwambia siku moja, "ukiendelea hivi, kesho utawachimbia shimo."

Saluni nzima iliangua kicheko, na Mistari akacheka nao. Kabla kicheko hicho hakijamtoka Mistari usoni, mwenye saluni aliingia na habari. Alikuwa amepata chumba kikubwa ng'ambo ya barabara, chenye vioo ukuta mzima na viti virefu vya kuzunguka. Wateja wangekaa wima wakijitazama, na wasusi wangesuka wamesimama.

"Vigoda na mikeka haitavuka barabara," alisema. "Nataka saluni ya watu, siyo ukumbi wa mazishi. Mwisho wa mwezi, kila msusi atasuka kichwa kizima mbele yangu, amesimama. Anayeweza, kiti ni chake. Asiyeweza, tutaagana kwa heri."

Alipokuwa akisema hayo, hakumtazama Mistari. Hilo ndilo lililomtisha Mistari kuliko maneno yenyewe. Kusuka kisogo na pembeni mwa mtu aliyekaa kwenye kiti kirefu angeweza, lakini utosini mkono ungelazimika kupita usawa wa uso wake, na mkono wake ulikuwa umesahau njia ya kufika huko.

Kesho yake alikwenda hospitali.

Chumba cha mazoezi ya viungo kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu. Ndani mlikuwa na kitanda cha ngozi ya bandia iliyopasuka pembeni, kamba iliyopitishwa kwenye gurudumu juu ya mlango, mipira ya rangi rangi, na mzee mmoja aliyekuwa akijifunza upya kuinuka kitini. Mtaalamu wa viungo alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na viganja vipana kama vya mkandaji wa unga. Wagonjwa walimwita Bi Nyoosha, naye aliitika.

Aliugeuza mkono wa Mistari huku na huko, akausikiliza kwa vidole.

"Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko," alieleza. "Mfuko wako umesinyaa, kama gauni lililofuliwa kwa maji ya moto. Mkono ni ule ule, ila gauni limebana. Dawa yake ni kunyoosha. Taratibu, kila siku, bila kudanganya."

"Nidanganye vipi, daktari? Bega ni langu mwenyewe."

"Mimi si daktari. Na bega ndilo mtu analolidanganya kuliko kitu kingine. Hebu simama pale, utambaze vidole ukutani vipande juu."

Mistari alisimama, akaviweka vidole ukutani. Vikapanda kama buibui, vikapita kifua, vikapita kidevu, vikafika usawa wa macho. Akageuka akitabasamu. Ndipo alipohisi kiganja cha Bi Nyoosha kimetulia mgongoni, juu ya ule mfupa mpana uitwao kombe la bega.

"Umeinua visigino," alisema Bi Nyoosha. "Umepinda kiuno. Umepandisha mgongo mzima. Bega lenyewe limekaa tu, linakutazama unavyohangaika."

Alimlaza chali kitandani, akaushika mkono kwenye kifundo na chini ya kiwiko, na kuanza kuuinua kuelekea sikioni. Mara mkono ukagonga ule mlango wa ndani. Bi Nyoosha hakurudi nyuma wala hakusukuma kwa nguvu. Alibaki hapo hapo akivuta kidogo kidogo, na Mistari akahisi bega likiwaka moto, machozi yakamtiririkia masikioni.

"Kuna maumivu ya kuvutwa na maumivu ya kuchanwa," alisema Bi Nyoosha. "Ya kwanza uyavumilie. Ya pili unipigie kelele niache. Haya ni yapi?"

"Ya... ya kuvutwa."

"Basi tunakaa."

"Mpaka lini, jamani?"

"Wewe si msusi? Mstari mmoja, kutoka kipajini mpaka kisogoni, unakuchukua muda gani?"

"Mwembamba au mnene?"

"Mnene. Tena wa haraka, wa mtoto anayelia. Usuke sasa hivi moyoni. Ukifika kisogoni, niambie, tutashusha."

Mistari alifumba macho. Akagawa nywele kipajini mwa mtoto asiyekuwapo, akachota, akakaza, akachota, akakaza, na aliposema "kisogoni" sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Bi Nyoosha akaushusha mkono taratibu.

"Hiyo ndiyo dawa yenyewe," alisema Bi Nyoosha. "Kanda bega kwa kitambaa cha moto, kisha fanya hivi nyumbani asubuhi na jioni. Utahitaji mtu wa kukushika."

Mtu huyo, bila shaka, alikuwa seremala. Alitandika mkeka sebuleni, akachemsha maji, akakunja kitambaa kwa uangalifu kama anayefunga zawadi. Aliushika mkono wa mkewe kwa mikono yake miwili iliyojaa sugu na kuuinua. Mkewe alipotoa mguno wa kwanza, akauachia.

"Pole, mke wangu. Pole sana. Inatosha kwa leo."

Mistari alijua haijatosha. Mstari aliokuwa akiusuka moyoni ulikuwa haujafika hata utosini. Lakini maumivu yalikuwa yameondoka, na unafuu ule ulikuwa mtamu, basi akanyamaza. Ikawa hivyo kila siku. Alianza mstari, akaguna, mkono ukashushwa, na mstari ukabaki unaning'inia njiani. Baada ya hapo alikwenda kwenye mlango wa jikoni, akatambaza vidole kwenye fremu, na seremala akaweka alama kwa penseli yake bapa pale vidole vilipofikia. Alama zikawa zinapanda. Seremala alizitazama kwa fahari kama baba anayepima kimo cha mwanawe.

"Unaona? Tunakwenda juu!"

Mama mkwe, aliyekuwa akipita na kikombe chake cha chai, alisimama akamtazama mkwewe kuanzia chini hadi juu.

"Mbona unasimama kama jogoo anayetaka kuwika?"

"Ni mazoezi, mama."

"Haya. Mimi naona miguu ndiyo inayofanya mazoezi."

Mistari alivirudisha visigino chini. Alama ya siku ile, kwa unyoofu, ilipaswa kuwa chini ya ile ya kwanza. Alimwomba mumewe asiiandike.

Aliporudi hospitali, Bi Nyoosha alimlaza, akaupima mkono, kisha akaupima tena.

"Limerudi nyuma," alisema.

"Haiwezekani! Tunafanya kila siku. Mume wangu hajakosa hata mara moja."

"Anakupenda?"

"Sana."

"Ukiguna, anafanyaje?"

Mistari aliugeuzia uso ukutani.

"Na nguo unaanika wapi? Kamba iko wapi?"

"Hapa," alisema Mistari, akionyesha kifuani.

"Sukari?"

"Hapa."

"Kioo?"

Mistari aliteremsha mkono zaidi. Alipoona mkono wake umefika chini ya kiuno, alielewa, na damu ikampanda usoni kwa aibu. Akaanza kueleza, maneno yakimtoka ovyo: kioo, rafu, kamba, misumari, mkeka wa saluni, wateja walioinamishwa mpaka shingo zikauma. Bi Nyoosha alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nakunyoosha kwa muda mfupi," alisema, "halafu nyumba yako inakukunja kutwa nzima. Mkono usio na safari hauna sababu ya kwenda popote, mama. Kwa nini ujisumbue?"

Mistari alirudi nyumbani akitembea kama mtu anayetoka kuzika. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu. Alimkuta seremala uani akipiga randa ubao, akamwambia kabla ya kuvua viatu:

"Naomba urudishe kila kitu juu."

"Kitu gani?"

"Kila kitu. Kamba, rafu, kioo, misumari yote. Kila ulichokishusha."

Seremala aliiweka randa chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyerudishiwa zawadi yake mlangoni.

"Nilishusha kwa kukuonea huruma."

"Najua. Huruma yako ndiyo inayonigandisha."

Neno hilo lilitoka kali kuliko alivyokusudia. Seremala aliinamisha kichwa, akapuliza maranda yaliyokuwa juu ya ubao, maranda ambayo hayakuwa yakimsumbua mtu.

"Na nikikuvuta ukalia mbele yangu," alisema polepole, "nifanye nini? Nikutazame tu? Mimi nimezoea mbao. Ubao haulii."

"Nisipoweza kusimama nyuma ya kile kiti nikasuka, mume wangu, mimi si kitu tena. Sijui kufanya jambo lingine hapa duniani. Unanisikia? Sijui!"

Seremala alipiga nyundo mchana kutwa. Kioo kilipanda, kamba ikapanda, rafu ikarudi mahali pake pa zamani. Alipomaliza hakurudi nyuma kutazama kazi yake. Mama mkwe alisimama jikoni, ameinua uso kulitazama kopo la sukari kama mtu anayemtazama ndugu yake akisafiri.

"Basi mimi ndiye niliyeonewa," alisema, lakini hakuna aliyecheka.

Jioni, seremala alikunja kitambaa cha moto, akaushika mkono, akauinua. Mkewe aliguna. Mikono yake ikaanza kulegea, na mkewe akasema kwa meno yaliyoumana, "Usiachie." Seremala akashikilia kidogo, macho yake yakajaa maji, kisha akauweka mkono chini taratibu, akatoka nje. Mistari alimsikia akihamisha mbao kutoka upande mmoja wa uani kwenda upande mwingine, na baadaye akizirudisha.

Hapo ndipo moyo wa kukata tamaa ulipomshika sawasawa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kama kuvutwa kidogo kulileta nafuu kidogo, kuvutwa sana kungeleta nafuu yote. Alisimama kwenye mlango wa chumbani. Kwa mkono wa kushoto aliubeba mkono wa kulia, akausukuma mpaka vidole vikanasa juu ya ubawa wa mlango uliokuwa wazi. Akavikaza. Kisha akakunja magoti na kuuachia mwili wote uning'inie.

Hayakuwa maumivu ya kuvutwa. Ukelele alioutoa uliwaleta seremala na mama yake mbio. Walimkuta ameketi sakafuni, ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga aliyeanguka, akisema, "Nimeuharibu, nimeuharibu, nimeuharibu mwenyewe."

Bi Nyoosha alipouona hakumgombeza, na Mistari angependa kugombezwa. Alisema tu kwamba bega limekasirika na lazima lipozwe kwanza kabla ya kunyooshwa tena. Siku zilizofuata Mistari alikaa chini ya rafu iliyopandishwa, asiweze kufikia chochote, akiitazama kalenda ya ukutani kama mfungwa anayetazama mlango.

Mwisho wa mwezi ukafika.

Saluni mpya ilinukia rangi mbichi. Vioo vilimwonyesha kila mtu kutoka kila upande, na Mistari alijiona mara nyingi kuliko alivyotaka. Mteja aliyepangiwa alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye nywele nyingi. Aliketi kwenye kiti kirefu akikizungusha huku na huko kama mtoto.

Mistari alianza kisogoni. Vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Mstari wa kwanza ulipanda kutoka shingoni ukiwa umenyooka kabisa, na wa pili ukaufuata. Wenzake walikuja kutazama. Pembeni, juu ya masikio, bega lilianza kuwaka, lakini aliendelea. Mwenye saluni alisimama nyuma yake amekunja mikono, na kwenye kioo uso wake ulianza kulainika. Kwa muda mfupi Mistari aliamini.

Kisha akafika utosini.

Mkono ulipanda mpaka usawa wa kidevu chake, ukasimama. Akapumua, akajaribu tena. Ukasimama pale pale. Mteja alimwona kwenye kioo, jasho likimtoka kipajini, akamwonea huruma.

"Dada, niiname kidogo? Mimi sina neno."

Alikuwa tayari ameanza kuteremsha kichwa. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mistari aliitazama shingo ile ikiinama, akaona kamba, rafu, kioo na mikeka yote aliyowahi kutandika.

"Hapana, mpenzi," alisema. "Kaa wima."

Akainua visigino. Akapinda kiuno. Akaupandisha mgongo mzima, na vidole vikafika utosini, vikaanza kuchota na kukaza huku mwili wote ukitetemeka kama jukwaa bovu. Alisuka mpaka nguvu zikamwisha. Aliposhuka kwenye vidole vya miguu na kutazama, aliuona mstari umekwenda upande, umepinda kama njia ya ng'ombe. Katika maisha yake yote hakuwahi kusuka kitu cha namna ile.

Mistari aliuchukua mstari ule, akaufumua mpaka mwisho kwa mkono wa kushoto, akazichana nywele zikawa kama zilivyokuwa. Alimgeukia mwenye saluni.

"Imefikia hapo, dada."

"Ningekuwa na namna, Mistari..."

"Najua. Mpe mwenzangu amalizie. Asimkazie sana pembeni, ana kichwa laini."

Msusi mwenzake, yule wa utani wa shimo, alichukua chanuo bila kumtazama usoni. Mistari alivuka barabara, akaingia saluni ya zamani iliyokuwa tupu, na kuchukua kitu pekee kilichokuwa chake humo: kigoda chake kifupi, ambacho hakikuwa na ruhusa ya kuvuka. Alikibeba nyumbani chini ya kwapa la kushoto.

Seremala alimwona akiingia na kigoda, akajua. Alikipokea, akakiweka chini. Mama mkwe ndiye aliyeuliza kwa mbali.

"Wamechukua mwingine?"

"Ndiyo, mama."

"Wajinga," alisema mama mkwe kwa ghadhabu, ingawa alijua si kweli, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Mistari hakuketi. Alivuta mkeka mwenyewe, akautandika katikati ya sebule na kulala chali.

"Nishike mkono," alimwambia mumewe.

"Leo pumzika, mke wangu. Kiti kimeshakwenda. Unaharakia nini tena?"

"Siharakii kitu. Nataka mkono wangu." Akausogeza mkono kwake. "Kamba iko juu na sina wa kuniangikia nguo. Kioo kiko juu. Utosi wangu mwenyewe siufikii. Nishike. Nikilia, usiniachie."

"Na ukipiga ukelele?"

"Nikichanwa nitakwambia nachanwa. Nikilia tu, ujue nalia."

Seremala alipiga magoti. Mama mkwe aliwatazama wawili hao, kisha akakivuta kile kigoda, akakiweka kando ya bega la mkwewe na kuketi. Kilimfaa barabara.

"Yule mama wa hospitali alikushika wapi, mpaka akajua unadanganya?"

"Chini, mama. Kwenye ule mfupa mpana."

Mama mkwe aliinama, akapenyeza kiganja kati ya mkeka na mgongo wa Mistari. "Haya. Mimi ndiye askari. Ukinyanyuka huku chini, nakukamata."

Seremala aliuinua mkono. Ulipanda, ukafika kwenye mlango wake, ukagonga. Mistari akafumba macho na kugawa nywele kipajini. Akachota, akakaza. Moto ukawaka begani. Akachota, akakaza. Akaguna, na akahisi mikono ya mumewe ikishtuka, ikitaka kulegea. Haikulegea. Akafika utosini, mahali ambapo mistari yake yote ilikuwa imekatikia, na hapo akalia kwa sauti, akikililia kiti, akiililia njia ile ya ng'ombe aliyoisuka mbele ya watu. Tone la maji lilimdondokea kwenye mkono, halikuwa lake. Seremala alikuwa analia pia, amefumba mdomo, na mikono yake ilikuwa imetulia kama jiliwa lililoshika ubao. Akauvuka utosi. Akachota, akakaza, akateremka taratibu kuelekea nyuma.

"Kisogoni," alisema.

"Subirini!" alisema mama mkwe ghafla. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu kilicho chini ya mkeka. "Hapa kwangu hapajasogea. Mfupa umelala. Huko juu ndiko kulikosogea."

"Kiasi gani?" aliuliza seremala.

"Kidogo. Unene wa jino la chanuo. Lakini ni bega, mwanangu. Si miguu."

Seremala alitaka kuushusha mkono, apumzishe misuli yake na kumfuta mkewe machozi.

"Usishushe bado," alisema Mistari, na akiwa bado analia, akagawa nywele za mstari wa pili.